Farasi Aliyecheua

Cheka ukitaka, lakini mimi niliwahi kushangilia ugonjwa. Niliushangilia kwa vigelegele kabisa, nikamwita na mtu aje ashangilie na mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu Arusha akawa na jambo lake. Huyu anauza mitumba Kwa Mrombo, yule amefungua hoteli ya vyumba vitatu. Mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu kutoka kwetu Machame, yeye akanunua farasi wawili wa kuwapandisha watalii shambani kwake, kule Maji ya Chai. Akanichukua mimi niwatunze kwa sababu moja tu: nilijua ng'ombe. "Mnyama ni mnyama," alisema. Nikaitikia, "Kweli kabisa, Mama." Wajinga wawili tulikutana.

Mmoja wa farasi hao alikuwa jike mzee, mweupe, mgongo umebonyea, macho ya kukusuta. Tulimwita Bibi. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," naye hunipulizia pua usoni, nikahesabu hiyo ndiyo marahaba yangu.

Sasa, kwetu ng'ombe anafugwa bandani, unamkatia majani na migomba, na ukitaka kujua kama ni mzima unatazama kitu kimoja: anacheua? Akicheua, nenda kalale na wewe. Bibi hakucheua. Siku ya kwanza nikasema labda ugeni. Ya pili jasho likaanza kunitoka. Ya tatu nikamkimbilia Mama, nikamwambia farasi anakufa. Akaitwa daktari wa mifugo kutoka Tengeru. Alimpima Bibi, akanigeukia, akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada yangu, farasi hacheui. Hakuumbwa hivyo."

Nilimsikia. Kuamini ndiko kulikonishinda. Mtu umelelewa na ng'ombe, leo daktari mmoja akubadilishe?

Ndiyo maana, miezi mingi baadaye, nilipomkuta Bibi kivulini mchana akitafuna polepole, anazungusha taya, anapumzika, anatafuna tena, moyo uliniruka. Nikasogea. Chini pametapakaa vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, vimelowa mate. Jamani! Nikapiga kigelegele. Nikamwita mzee mlinzi, Mwarusha aliyechunga ng'ombe tangu hajajua kuvaa kaptula. Akainama, akaokota kidonge, akakigeuzageuza. "Engai!" akamtaja Mungu kwa lugha yake. "Huyu anacheua." Tukapeana mikono kama watu waliopata mtoto. Daktari na vyeti vyake!

Juma zima nilimsifu Bibi. Nilimwambia na Mama, akafurahi.

Jumamosi asubuhi nikaingia bandani na koleo, nikakosa cha kuzoa. Hakuna mavi hata chembe. Pumba hazijaguswa. Bibi anaparura chini kwa kwato, anageuza shingo kutazama ubavu wake, anaparura tena. Hapo sikuhitaji ng'ombe wa kunifundisha: mnyama anayelitazama tumbo lake anakuonyesha panapouma. Nilidandia gari la maziwa mpaka Tengeru na kanga yangu ya bandani, sikuona hata aibu.

Daktari alikuja, na safari hii hakucheka. Alimfungua Bibi mdomo, akanimulikia kwa tochi. Magego yalikuwa yamechongoka pembeni, mawili hayapo kabisa.

"Uzee huu," akasema. "Hawezi kutafuna. Mengine anayatema, mengine anayameza mazima, ndiyo yamemziba tumbo. Hamkuona vidonge vya majani chini?"

Nikamtazama mzee. Mzee akautazama Mlima Meru.

"Tuliviona," nikasema. "Tulivishangilia."

Daktari alipitisha mpira puani mwa Bibi mpaka tumboni, akamimina maji na mafuta ya kulainisha, akamchoma sindano ya kutuliza maumivu. Kisha akamwambia Mama kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: asipotoa kitu mpaka jioni, itabidi apumzishwe moja kwa moja, maana anateseka. "Mtembezeni," akasema.

Tukamtembeza. Mimi mbele na kamba, mzee nyuma anachunga mkia, Mama pembeni na joho lake la kwaya, maana alikuwa njiani kwenda kuimba, akimwomba Mungu kwa sauti ampe farasi mavi. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa! Kicheko kikanishika, sikuweza kukizuia, na huku machozi yananitoka. Nilikuwa naogopa sana. Nilimpenda yule Bibi.

Jua linazama, tuko kando ya barabara kuu pale mabasi yanaposimama kununua ndizi, Bibi akagoma kutembea. Akainua mkia. Puu!

"Ametoa!" mzee akapiga ukelele, akarusha fimbo juu. Mama akaruka na joho lake. Abiria wa basi wakachungulia madirishani. "Kuna nini hapo? Harusi?"

"Mavi!" nikawajibu. "Mavi, ndugu zangu!"

Nikapiga magoti, nikayapasua kwa mikono. Ndani yalikuwa majani marefu, mazima, vilevile nilivyoyakata mwenyewe kwa panga. Nikabaki nayo kiganjani, kicheko kimenikauka. Bibi akashusha kichwa, akanipulizia pua usoni.

Daktari alirudi na tupa, akamsawazisha meno, nasi tukaanza kumlowekea pumba ziwe uji. Aliishi miaka minne zaidi. Kila asubuhi nilimwamkia kama zamani. "Shikamoo Bibi. Haya, fungua mdomo."