Pikipiki Iliyopona Bila Kibali

Mkunga wetu amefariki. Tulimzika jana hapa Temeke, na mie nimerudi nyumbani na hasira hata chai haishuki. Wasomaji wangu mnisamehe, leo sina maneno ya upole.

Miaka ile ya Ujamaa tulipanga nyumba moja, mie nikifundisha, yeye akizalisha. Zahanati ilimpa pikipiki, akaifikisha Mbagala yote na mashamba ya ndani kuwafuata wenye uchungu. Injini ikaanza kuvuja oili. Karakana ya serikali ikamwambia asubiri, gasketi za kuziba kifuniko cha injini hazipo. Akasubiri wee, oili inamchirizikia kiatuni. Jumapili moja nikamkuta uani kajifunga khanga kiunoni, oili kaikinga kwenye karai, kifuniko cha injini kakifungua. Kalaza kipande cha boksi la sabuni juu ya kifuniko, anagonga kingo taratibu kwa nyundo mpaka umbo lijichore, akate kwa mkasi.

"Dada, hiyo mali ya serikali! Utatiwa ndani."

"Ikivuja mpaka injini ife, Mwalimu, ndiyo itakuwa imetunzwa?"

Akaipaka grisi gasketi yake ya boksi, akakaza nati kidogo kidogo, huku na huku, kifuniko kisipinde. Akapiga kiki. Haikudondosha hata tone, nasi tukacheka kama watoto.

Mkubwa wake alipopata habari akaja mwenyewe. "Nani kakupa kibali cha kufungua mali ya umma?"

"Shikamoo, mzee. Haivuji tena."

"Sijakuuliza kama inavuja!"

Wallahi, nilimsikia kwa masikio yangu. Pikipiki ikapakiwa kwenye lori, eti ikakaguliwe. Ikakaa karakana mpaka majani yakaiotea, na mkunga akaenda kwa miguu. Siku moja mchonga vinyago wa Mbagala alimjia mbio, mkewe kashikwa na uchungu. Wakatembea. Walipofika mke alikuwa amekata roho, na mtoto tumboni. Mkunga alirudi akakaa kizingitini. "Kwa pikipiki ningemkuta hai," akaniambia, na hakula siku hiyo.

Msidhani nautukana Ujamaa. Niliuamini, na nauamini. Lakini umma ulikuwa nani, kama si yule mke wa mchonga vinyago? Mali ya umma tuliwakabidhi watu waliojali kibali kuliko kazi, na watu hao bado tunao, wamebadilisha suti tu.

Jana, kabla hatujamzika, mkubwa yule alisimama na mkongojo wake kumsifu. "Marehemu alijitolea! Aliwafuata wagonjwa kwa miguu!" Watu wakapiga makofi. Nikapaza sauti mbele ya jeneza: "Kwa sababu pikipiki uliichukua wewe!" Wakanivuta shati, eti niheshimu msiba. Nauheshimu. Marehemu hasemwi vibaya, lakini aliye hai tumseme angali anasikia.