Zamu ya Shamba la Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule alinipokea kijijini Ipyana kwa boksi la chaki na onyo. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, na wazazi wakajijengea sekondari kwa mpunga na kakao yao. "Mwalimu," akasema, "Mkaguzi wa Kanda yuko njiani. Darasa likishindwa mbele yake, mchepuo wa hisabati unafungwa, watoto wanarudi nyumbani." Nilitamani nitangulie mimi.

Nilifundisha milinganyo ambayo kisichojulikana si namba, bali fankisheni yenyewe. Ichukulieni fankisheni kama mashine ya kukoboa, niliwaambia wanafunzi: unatia namba, inatoa namba. Hapa mnaoneshwa tabia ya mashine tu, muitambue wenyewe.

Mkaguzi alifika, hana hata tabasamu la kukopesha. Akaandika ubaoni:

f(x) + 2f(6 − x) = 3x

Wanafunzi wakatia 1, wakapata f(1) na f(5), visivyojulikana viwili katika mstari mmoja. Wakatia 2, yaleyale. Dirishani Mkuu alijipangusa jasho.

Atupele, binti wa kijiji cha Bujonde, akanyoosha mkono. "Mwalimu, tumepalilia kwa x tu. Huyu 6 − x amekuja kutusaidia, mbona kwake hatujaenda?"

Kwao mpunga hupaliliwa hivyo: leo kundi zima shambani kwako, kesho kwangu.

"Unaendaje kwake?" Mkaguzi akauliza.

"Penye x naweka 6 − x, baba. Wanabadilishana nafasi." Akaandika chini yake:

f(6 − x) + 2f(x) = 18 − 3x

Sasa mistari ilikuwa miwili. Akauzidisha wa pili kwa mbili, akatoa wa kwanza, f(6 − x) ikaondoka. Ikabaki 3f(x) = 36 − 9x, yaani f(x) = 12 − 3x. Mkaguzi akalirudisha jibu kwenye swali lake, likakaa sawasawa.

"Mchepuo ubaki," akasema.

Mkuu akanishika mikono yote miwili, akashukuru kwa kilugha. "Ndaga fijo, Mwalimu! Ndaga fijo!" Nilienda nyuma ya stoo nikacheka peke yangu mpaka machozi yakatoka.

Nimestaafu katika shule hiyohiyo. Katika kipindi changu cha mwisho, mwalimu aliyekuja kunipokea kazi aliingia kabla sijamaliza, akanitoa chaki mkononi. Alikuwa Atupele.

"Kaa, Mwalimu," akasema. "Kwako tumeshamaliza kupalilia. Sasa ni zamu ya kwangu."

Nikakaa dawati la mbele, moyo mweupe.