Waya wa Mama Mkwe

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, nilikwenda Rugerero kumchukua mama mkwe kwa baiskeli. Alikaa nyuma, uso ameuelekeza kwenye migomba, maana kwetu mkwe hatazamwi wala hasemeshwi moja kwa moja. Kabla ya kufika kwetu Gisenyi pedali ya kushoto ikachomoka. Nyuzi za kukazia ndani ya tundu la chuma inamoingia zilikuwa zimelika, na kununua chuma kipya sikuweza. Nikaifunga kwa kamba ya mgomba. Ikashika kidogo, ikaanguka tena.

Mama mkwe, ambaye njia nzima hakusema neno, akafungua waya mwembamba wa shaba mkononi mwake.

“Zungushia hii kwenye pedali, kisha ukaze. Mupini wa jembe ukilegea, si tunaujazia?”

“Mama, hili ni pambo lako.”

“Kaza. Mutoto ananingoja.”

Niliuzungusha waya ukifuata nyuzi za pedali, nikakaza kwa spana kinyume cha mwendo wa saa, kama upande wa kushoto unavyotaka. Ikashika. Niliona haya, na nilishukuru.

Baiskeli ile niliiendesha hivyo hivyo mpaka nilipoiuza. Yeye, tangu tulipofika nyumbani, alirudia desturi, akasema nami kupitia mke wangu tu.