Pai ya Figo Xiaobei

Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa pai ya nyama na figo hakuna wa kunifundisha. Niliijulia kwenye jiko la baa, mji wa bandari kule Uingereza, miaka ya sabini. Mimi nilikaanga chipsi, Mpemba mwenzangu akiosha sahani. Waingereza wa siku zile walikula haswa: mayai yaliyolowekwa kwenye siki, mkate na jibini kipande kama tofali, soseji zao za nguruwe ambazo sisi hatukuzigusa. Nje baridi ya kukata masikio, ndani mvuke na harufu ya mafuta ya ng'ombe. Harufu ile naitamani mpaka leo, na hapa Guangzhou, China, nina mgahawa wangu mwenyewe.

Mwaka huu yule Mpemba alikuja kununua mikoba kwenye soko la Shiling, hapa jirani. Kabla hajafika, binti yake akanipigia simu.

"Baba mdogo, tangu mama afariki baba hali chakula. Anagusagusa tu. Nakuomba umlishe."

Nikampikia pilau, akaonja vijiko viwili. Biriani, vivyo hivyo. Nikasema huyu dawa yake ni pai. Figo nilipata kwa muuza nyama Mwislamu hapa mtaani kwetu Xiaobei. Tatizo oveni, maana jikoni kwangu ni gesi tu. Nikaitengeneza pai kwenye bakuli, nikaibeba hadi kwa jirani Mchina anayeoka mikate kwenye tanuri la udongo. Mikate yake huibandika ukutani, ndani ya tanuri. Alipoona bakuli langu alicheka.

"Bosi, hili nalibandikaje?"

Tukasubiri moto upungue, tukaliteremsha kwa waya. Upande mmoja ukaungua.

Nikamwekea mwenzangu mezani hivyo hivyo. Akaangalia matundu matatu juu ya ganda. Bibi mwenye baa alikuwa akitoboa hivyo pai yetu sisi wawili, isije ikachanganyika na zile alizotia bia. Kisha akamega kwa mkono, palepale palipoungua.

"Umeunguza."

"Kula."

"Hata kule ulikuwa unaunguza. Yule bibi alikuvumilia tu."

"Na wewe ulivunja sahani ngapi? Kula, bwana!"

Akala. Kipande cha kwanza, cha pili. Nikajifanya nafuta meza ili nisimtazame. Mara akanisukumia sahani, tupu.

"Na njegere za kuponda ziko wapi? Pai bila njegere unampa nani?"

Nikavaa viatu, mbio sokoni.