Sinema Alizozisema Baba

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya haradali ikipasuka kwenye mafuta ya moto. Ilitoka chini, kwenye flati ya Anti Sarada, ikifuatwa na harufu ya vitunguu saumu na pilipili kavu iliyopanda ngazi hadi kwetu na kumpigisha mama chafya akiwa anavaa sare yake ya kazini. Tulikaa Tooting, kusini mwa Landani, juu ya duka la vitambaa, na kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na moja. Haradali ya jirani niliisikia vizuri namna ile kwa sababu kwetu kulikuwa kimya mno, na kilichotunyamazisha ni koo la baba.

Baba alikuwa dereva wa basi. Mwaka ule alitolewa kinyama kilichoota kooni, na daktari akamwambia asiseme neno, hata kwa kunong'ona, mpaka aruhusiwe. Wiki zikapita, akaambiwa bado. Hakuna aliyetuahidi kwamba sauti ingerudi. Akawa anatembea na daftari la shule, kalamu imefungwa kwa uzi, anaandika kila kitu: chumvi imezidi, zima taa ya chooni, huyo mtangazaji muongo. Mama akirudi kutoka kwa wazee anaowahudumia, anakuta kurasa tatu zinamsubiri mezani. "Baba Neema," anasema, "yaani sauti imeondoka lakini maneno bado unayo!" Baba anacheka kwa mabega tu, bila kutoa mlio, na mimi naangalia pembeni. Sikupenda kumwona akicheka vile.

Lazima nieleze ilikuwa sauti gani. Kabla hatujaja Landani, baba alikuwa mtafsiri wa sinema Morogoro. Alijifungia kwenye chumba kimoja, godoro limesimamishwa dirishani kuzuia kelele, akawasha sinema ya Kihindi na kusema juu yake kwa Kiswahili: yeye ndiye steringi, yeye ndiye adui, yeye ndiye mama mtu, yeye ndiye polisi na mbwa wa polisi. Mkanda ukiisha unakwenda kwenye mabanda ya video, na watu wanalipa ili wamsikie yeye kama vile wanavyolipa kumwona steringi. Kihindi hakujua. Sinema nyingine zilikuja na maandishi ya Kiingereza chini, yanayotokea na kupotea yanavyotaka. Nyingine zilikuja hazina kitu. Hapo baba alitazama nyuso na kujaza. Jambazi akikimbia, baba alisema anaelekea Dumila, pale jirani na Morogoro. Banda zima linacheka.

Na baba alikuwa na mtu wake, mwongozaji mmoja aliyemfuata tangu mwanzo. Alijua kwamba yule bwana alianza kwa kupiga video za harusi kwenye mji mdogo, kwamba sinema yake ya kwanza ilikuwa na waigizaji wanne na mbuzi, kwamba ya pili ilimpa jina, na kwamba baada ya hapo alipewa tembo, majumba na majeshi. Zote alizitafsiri baba. Kitu asichokijua ni lugha yake. Kwetu zote zilikuwa za Kihindi tu. Ni Anti Sarada, siku ya kwanza tulipomkaribisha chai, aliyeona picha ya mwongozaji ukutani akapiga kelele kwamba huyo ni wa kwao, na kwamba hizo sinema ni za Kitelugu, lugha ya kwao kusini mwa India. Baba alibaki na kikombe mkononi. Miaka yote ile amekitafsiri Kitelugu bila kujua kinaitwaje.

Kiangazi kile zikaja habari kwamba mwongozaji anakuja Landani na sinema yake mpya, na atasalimiana na watazamaji kwenye ukumbi usio mbali na kwetu. Anti Sarada alitupatia tiketi kupitia chama cha watu wa kwao. Usiku huo baba hakula. Aliandika, akafuta, akaandika, halafu akachana ukurasa na kunipa. Nilitakiwa niugeuze kwa Kiingereza na kumwambia mwongozaji kwa mdomo wangu. Baba alikijua Kiingereza cha kutosha, lakini alisema, kwa kalamu, kwamba maneno haya yanataka sauti.

Ninao ukurasa ule hadi leo. Unasema: katika sinema yako ya pili, mtoto anatoka jela, anabisha, mama yake anafungua na kumwambia, "Sahani yako nimeifunika kila siku tangu ulipoondoka." Nilipofika pale nilizima mashine ya kurekodi. Mimi na mama yangu hatukuwa tumesemeshana miaka minne. Asubuhi nikapanda basi kwenda kwake. Baada ya miezi mitatu akafariki. Bila maneno yako asingeniona. Asante.

Nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akiita majina asubuhi hanisikii nikiitikia. Lakini nilisema nitajaribu.

Siku tatu kabla ya mwongozaji kuja, baba alimwalika Anti Sarada tuitazame tena ile sinema ya pili, kwenye mkanda alioutafsiri mwenyewe, aliokuja nao ndani ya sanduku. Ilikuwa ajabu, baba amekaa kochini hana sauti, na sauti yake inatoka kwenye televisheni, imejaa, ina mbwembwe. Chini yake Kitelugu kilisikika kwa mbali. Ilipofika sehemu ya mlango, baba alifumba macho. Anti Sarada akaniuliza kwa Kiingereza, "Baba yako anasema nini hapo?" Nikamwambia. Kisha akanyanyuka, "Hebu njoo unisaidie vikombe."

Jikoni alifungua bomba kwanza.

"Neema, yule mama hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

"Anasema kisima kiko nyuma. Nawa, kunywa maji, uondoke kabla majirani hawajaamka. Halafu anafunga mlango. Sinema nzima ni huo mlango, mwanangu."

"Mwambie basi, Anti."

"Mimi? Na koo lile?" Akanikabidhi kikombe. "Wewe ndiye mwanaye."

Kwa siku tatu nilitembea na kitu kile kama mtu aliyemeza mfupa. Niliwaza kwamba yaliyompeleka baba kwa mama yake yalikuwa yake mwenyewe. Aliyatoa ndani mwake, akayatia mdomoni mwa mwanamke wa kwenye kioo, halafu akayasikia kana kwamba ameambiwa. Sikuwa na maneno ya kusema hivi wakati ule, nayapata sasa. Siku moja nilichukua daftari lake nikaandika: Baba, kuna sehemu uliongeza mwenyewe? Alitabasamu, akaandika: nyingi tu. Nikaandika: na pale mlangoni? Akaniangalia kama nimemtukana. Pale sikuongeza neno, aliandika, na kupiga mstari chini mara mbili hadi karatasi ikatoboka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Vijana walipiga ngoma ndani ya ukumbi wa kungojea mpaka sakafu ikatetemeka, bisi zikamwagika, watoto wakabebwa mabegani. Mwongozaji alikuwa mtu mfupi, ana mafua, amevaa sweta zito katikati ya kiangazi. Msaidizi wake aliruhusu mtu mmoja kwa kila familia afike mezani. Baba alinisukuma mimi. Yeye akabaki nyuma ya kamba, suti ya harusi imembana tumboni, amenyoosha dole gumba.

"Ndiyo, binti?"

"Baba yangu anasema asante kwa ajili ya mama."

Akacheka. "Mama yupi? Sinema zangu zina mama wengi."

"Anayefungua mlango."

Kicheko kikamtoka usoni. Aliweka kalamu chini. "Yule," alisema. "Unajua watu walimchukia? Mama yangu mzazi alininunia mwezi mzima kwa sababu yake. Hakuna anayenishukuru kwa ajili ya yule mama." Akanyoosha shingo kumtafuta baba kule nyuma, kisha akaniinamia. "Baba yako alipenda nini kwake?"

Ukurasa ulikuwa mfukoni. Vidole vyangu viliugusa. Alikuwa anauliza kweli, alitaka kujua, na mimi nikaona jinsi itakavyokuwa: nitasoma, atatikisa kichwa kwa upole, atasema hapana binti, hasemi hivyo, na baba atakiona kile kichwa kikitikisika. Watu nyuma yangu wakaanza kulalamika. Mwishowe nikasema, "Kila kitu."

Akatia saini kwenye picha yake, akanikabidhi, akampungia baba mkono, na msaidizi akanisogeza kwa bega.

Baba alikuwa ameshaandika kabla sijamfikia. Umemwambia?

"Ndiyo."

Akasemaje?

"Amesema anakumbuka."

Kwenye basi tulikaa ghorofa ya juu, siti ya mbele. Baba alishika ile picha kwa ncha za vidole, machozi yanamtoka na hayafuti, na mimi nikahesabu vituo ili nisiseme. Kila kituo nilijiambia, kinachofuata. Tulishuka kwetu sijasema.

Sasa nina miaka kumi na saba. Sauti ya baba ilirudi nusu, kama redio ya mbali. Anaweza kuongea na aliyekaa karibu, hawezi kumwita mtu wa ng'ambo ya barabara. Wageni wakija anawasimulia, nao wanamsogelea: "Mimi sikuongeza neno. Na mwenyewe anakumbuka, muulizeni Neema." Nami naitikia kwa kichwa. Mara nyingi nimekaa naye jikoni nikaanza, "Baba, ile sinema," na akaniangalia kwa furaha kiasi kwamba nikamalizia na kitu kingine. Nikimwambia, nitamrudishia maneno yake. Ila nitamnyang'anya mtu aliyemwambia hayo maneno siku alipoyahitaji. Sijui kipi ni chake zaidi, na sijui nani atanisaidia kujua.

Mwongozaji amekuwa mkubwa kuliko baba alivyowahi kuota. Mabango yake yanapita ubavuni mwa mabasi. Mwezi uliopita nilimpeleka baba kuona sinema yake mpya kwenye ukumbi uleule, viti vimebadilishwa, maandishi ya Kiingereza safi, hayakosi hata mstari. Katikati kuna mama anamuaga mtoto wake kituoni. Anasema mambo mawili tu, kuhusu tiketi na kuhusu koti. Mimi niliona ni sehemu nzuri kuliko zote. Baba alisubiri hadi treni ikaondoka, akanisogelea sikioni.

"Huyu bwana amepungua," alinong'ona. "Zamani mama zake walikuwa wanajua kusema."

"Kweli, baba," nikasema.