Mikate ya mama ilishuka Beni

Juzi redio ilisema makampuni yenye inatengenezaka puces, tule tudude tudogo twa ndani ya telefone, inaenda kujenga mafabrike mu inchi za wengine. Inaogopa vita itaikuta nyumbani. Mais inaogopa tena kama wageni batajua kazi yote. Nikacheka peke yangu. Eh! Hiyo maneno tuliishaka kuiona kwetu.

Wakati wa vita tulikaa Butembo, na mama alikuwa anachoma mikate. Kila asubui batu banajaa mulangoni. Siku moja baba akasema: "Bakifunga njia, ao bakivunja furu yetu ya kuchomea mikate, batoto batakula nini? Tujenge furu ingine Beni, kwa dada yangu."

Mama akawaka! Si kazi aliogopa. Aliogopa tantine, ule dada ya baba, ajue kila kitu, kisha batu basahau nani alianza. "Jina yangu njo shamba yangu," akasema. "Munataka nigawe?"

Mais vita haibembelezaki mutu. Akakubali, nikashuka naye Beni, tumebeba kipande ya unga yenye ilichacha tangu jana. Akaonyesha tantine vile tunafanyaka: unakanda magaribi, unafunika na blanketi mbili, unaacha mpaka asubui. Blanketi, Beni! Kule jasho inatoka hata ukikaa tu. Asubui unga ilikuwa imepanda, imemwangika, imejaa chini ya meza, na ukali yake, Mungu wangu, hata mbuzi ilikataa.

Mama akakamata kichwa. Tantine akacheka mpaka akakaa chini: "Mulamu yangu, ulifikiri hapa ni baridi ya kwenu ku milima ya Masereka?" Akatupa blanketi kule, akapunguza levire, ile dawa ya kuchachisha unga, akakanda na kuchoma muchana uleule. Mikate ikatoka mizuri. Mama alinuna njia nzima ya kurudi.

Kisha vita ikapanda mpaka kwetu. Askari bakabeba unga yote, bakavunja furu. Tulilala njaa, nasema kweli, na njia ya Beni ilikuwa imefungwa. Siku ilifunguka, camion ikafika na mifuko ya mikate ya tantine. Tulikula kwanza sisi batoto, tukashiba, tukaanza hata kuimba. Batu bakasikia harufu, bakakuja mbio.

Baba akanong'oneza mama: "Uzisha tu. Hapana sema kitu. Batajua namna gani?"

Jirani mumoja, papa wa maneno mingi, akauma mukate, akafunga macho. "Mama, leo umepita kipimo! Hii inashinda ile ya zamani."

Nikaangalia mama. Nilijua ile neno imemuchoma mpaka mu mufupa. Akapangusa mikono ku kitenge, polepole, batu bote banamungojea. Baba akakohoa kidogo.

"Si miye," mama akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ni mulamu yangu wa Beni. Na miye nitashuka anifundishe."