Siku Mama Alipomuunga Mkono Ami

Harufu ya udi ikinipata popote, hunirudisha mtaani Huruma, kwenye nyumba yetu ya orofa ya tatu, siku Ami Salim aliporudi kutoka Uarabuni. Ami alikuwa mdogo wake baba, na alikuwa amefanya kazi huko miaka minne. Udi wake ulifuka hadi jirani akabisha kuuliza kama tunafukiza kunguni.

Alituletea tende, na abaya nyeusi za mama na dada yangu Zainabu. Tulipokwisha kula akasema Zainabu asiende sekondari ya bweni.

"Huko atavuliwa mtandio na kuimbishwa nyimbo za kanisa. Nilikotoka, msichana wa umri huu yuko nyumbani."

Barua ya Zainabu ya kuitwa shule ilikuwa imefika wiki ileile. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na wala sikuogopa. Nilimtazama tu mama. Alizaliwa Mkristo, kule Kakamega, akasilimu alipoolewa. Ndiye aliyetuamsha alfajiri tudurusu. Nilijua atakataa.

"Ami yenu amesema kweli," mama akasema. "Abaki."

Zainabu hakulia. Alimkodolea mama macho kama mtu aliyezabwa kofi na mgeni.

Aliyejibu ni Nyanya, mama yao baba na Ami, aliyetufundisha Kurani kwa fimbo, na ambaye sote tulimdhania mkali wa dini kuliko wote.

"Salim, hayo umeyasoma kwenye Kitabu, au umeyaona kwa Waarabu?"

"Mama, wale ndio wenye dini."

"Dini ni ya Mungu. Wao wana desturi zao. Nionyeshe aya."

Aya haikupatikana. Baba akasema mtoto atakwenda. Shule zilipofunguliwa, Nyanya mwenyewe alimpeleka.

Sikumsemesha mama kwa siku tatu.

Nilikuwa nimeshaolewa aliponieleza, tukichambua mchele, jinsi wake wa ukoo walivyomcheka kila alipokosea dua, wakisema kanisa halijamtoka.

"Ningekataa, wangesema ni ule Ukristo wangu unaozungumza," akaniambia.

Niliacha kuchambua. Miaka yote ile ndani ya nyumba yake mwenyewe, na bado alikuwa kwenye mtihani! Maneno ya Nyanya yalikuwa kooni mwa mama pia. Nyanya tu ndiye angeweza kuyatamka bila mtu kumuuliza alisilimu lini.